Ishara Ambayo Hatukuifikia

Binti yangu hasikii. Nalisema mapema kwa sababu watu wakinisikia nikilalamika kuhusu simu na matangazo hudhani nilikuwa nakatizwa tamthilia. Alipata homa ya uti wa mgongo wakati ndio kwanza anaanza kuunganisha maneno. Homa ikapona, masikio hayakupona. Shule ya watoto viziwi tuliambiwa tusubiri nafasi, nasi tukasubiri, maana kusubiri tunakujua. Akakulia nyumbani Masasi, kando ya cherehani yangu, akichezea vipande vya vitambaa vya sare za shule, nami nikiongea naye kwa ishara za kujitungia: kula, maji, lala, njoo, acha.

Hizo zilitutosha kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Mtoto mdogo mahitaji yake yanaonekana. Akiwa na njaa utamwona jikoni. Akiogopa, umeme wa radi unapomulika juu ya vilima vyetu vya mawe, anakuja mbio na kunikumbatia kiunoni mpaka nashindwa kukanyaga cherehani. Hakuhitaji ishara ya kuogopa. Mimi ndiye niliyekuwa ishara.

Halafu akaanza kukua, na kaka yangu mkubwa akapiga simu kutoka Newala.

Kwetu sisi wa uwandani, kule juu Newala, mjomba ndiye mwenye neno juu ya mtoto wa dada yake. Kaka akasema mwaka huu, shule zikifungwa Desemba, mabinti wa ukoo wataingia unyagoni, na binti yangu ataingia pamoja na wenzake. Nikamwambia asubiri mwaka mwingine. Akaniuliza kwa upole, na upole wake ndio unaoniudhi zaidi, mwaka mwingine atasikia?

"Kule wanafundishwa kwa nyimbo, kaka," nikamwambia. "Ataelewa nini?"

"Atawaona wenzake, mdogo wangu. Ukimwacha nyuma, atakuja kuwa mtu mzima asiye na wenzake. Hilo unalitaka?"

Sikulitaka. Na binti mwenyewe alikuwa ameshaona kwamba kuna jambo. Binamu zake walipokuja Masasi kununua vitenge, walimwonyesha kwa mikono na kwa viuno kwamba kuna ngoma kubwa inakuja na wao wamo, akaanza kurukaruka. Baba yake ni mtu wa kanisa, mpole, hapendi kubishana na shemeji zake. Aliniambia tuombe. Nikamwambia aombe yeye, mimi naenda kwa fundi simu.

Maana nilikuwa nimempata mwalimu. Kwenye ile tovuti ya video ambayo kila mtu anaangalia mpira na vichekesho, kulikuwa na mwanamke mmoja kiziwi, Mtanzania, anafundisha lugha ya alama. Alikuwa anavaa blauzi nyeusi mbele ya ukuta mweupe ili mikono yake ionekane, na maneno ya Kiswahili yanapita chini. Mikono yake ilikuwa haina papara. Nilipomwona mara ya kwanza nililia, na mimi si mtu wa kulia hovyo. Tatizo likawa matangazo. Kabla ya somo tangazo, katikati ya somo tangazo, na bando langu likawa linaishia kwa watu wanaouza mikopo na sabuni.

Fundi simu wa pale karibu na stendi, baba mmoja mwenye miwani, alinitazama nikimweleza, akaichukua simu. Akaniwekea kitu cha kuzuia matangazo. "Sasa mama, fungulia video zako humu tu," akasema. Nikafungua palepale kwenye benchi lake. Mwalimu akatokea moja kwa moja, amenyoosha mikono, hakuna sabuni wala mikopo. Nilimshukuru kana kwamba amenipa shamba la mikorosho.

Miezi ile ilikuwa mizuri. Mchana wateja wanapopungua nilikuwa nafunga mlango nusu, tunakaa chini kwenye mkeka, simu tumeiegemeza kwenye pasi. Binti alikuwa anashika haraka kuliko mimi. Vidole vyangu vya ushonaji, nilivyokuwa najivunia, vilikuwa vigumu kama miti, na yeye alikuwa ananishika kidole kimoja kimoja ananirekebisha.

Hapa sasa ndipo nilipoharibu, ingawa mwanamke yeyote wa kwetu angefanya vilevile. Masomo yalikuwa mengi, yamepangwa kwa mada, unachagua unapotaka kuanzia. Mimi nikaanzia salamu. Nikawa nafikiria Newala, nafikiria wanawake wa ukoo wamekaa barazani, mtoto wangu anapita mbele yao hasemi kitu, na wao wanatazamana. Huko kwetu mtoto asiyeamkia watu, anayesemwa ni mama yake. Miaka yote nilikuwa nimesemwa. Mara wanasema nimemdekeza, mara wanasema namficha, na wapo waliokuwa wanajua hasikii na bado wananiuliza mbona hasalimii. Basi nikasema safari hii watanyamaza. Tukajifunza shikamoo na marahaba. Tukajifunza mama, baba, mjomba, shangazi, bibi mzaa mama, mama mkubwa, mama mdogo. Tukajifunza asante, samahani, naomba, karibu, kaa, pole na kazi. Nikamrudisha nyuma kila alipotaka kuruka mbele. Alikuwa anaona picha za masomo mengine, ya mwili, ya hisia, ya hatari, ananyoosha kidole anataka yale. Mimi namrudisha kwenye shikamoo mpaka goti lishuke vizuri pamoja na mkono.

Siku aliyomwamkia mchungaji nje ya kanisa kwa mikono yake, na mchungaji akaelewa, nilitembea mjini nimeinua shingo. Nilijiona nimemaliza kazi.

Halafu yale maandishi yakatokea. Mara ya kwanza yalikuwa na adabu: inaonekana unatumia kizuia matangazo, tafadhali kizime, au lipia uangalie bila matangazo. Kulikuwa na alama ya kufungia, nikafungia. Siku iliyofuata yakaja na onyo kwamba baada ya video chache nitazuiwa. Nikafungia tena. Kisha skrini ikawa nyeusi. Picha ya mwalimu ilikuwa palepale, mikono imeinuliwa, ila haichezi, na maandishi yamemkalia kifuani.

Nilirudi kwa fundi. Akajaribu kizuizi kingine, kikafanya kazi siku mbili tatu kikafa. Akajaribu kingine, hicho hakikufika hata nyumbani. "Wameanza ukali dunia nzima, mama," akaniambia, anafuta miwani. "Sisi tukiziba huku, wao wanazibua kule. Wao wako wengi na wanalipwa kwa kazi hiyo."

"Na kulipia?"

"Kulipia wanataka kadi ya benki, ile ya kununulia vitu mtandaoni."

Mimi benki yangu ni simu hiyohiyo. Nikakaa kwenye benchi lake, stendi nzima inapiga kelele, basi la kwenda Newala linaita abiria, nikahisi hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Niliwatukana kimoyomoyo wenye tovuti, ambao hawanijui na hawatanijua. Kisha nikazima kizuizi, nikaangalia kama wanavyotaka, na video iliyokuja ilikuwa mpya. Mwalimu wetu mwenyewe alikuwa anaongea na watazamaji wake, mikono inakwenda taratibu, maneno yanapita chini. Alisema hana mshahara, hii ndiyo kazi yake, na matangazo ndiyo yanayomsaidia kulea wanawe. Akatuomba tusiyazuie.

Sasa niambie mtu unamkasirikia nani hapo. Kwa miezi ile yote nilikuwa nakula bure chungu cha mwanamke mwenzangu, na nilikuwa nampenda. Lakini nilikuwa na mtoto anayeingia unyagoni, na bando lisilofika mwisho wa wiki, na mpaka leo sijui angesemaje ningemweleza mambo yote mawili. Nilikereka hata na yeye. Nilitaka awe malaika anayefundisha bila kula.

Tukaanza upya, na matangazo yao. Binti aliyapenda. Kuna mama mmoja wa tangazo la sabuni aliyekuwa ananusa shati huku amefumba macho, basi kila shati nililomaliza kushona binti alilinusa vilevile, na wateja wakacheka. Mimi nilicheka kidogo. Bando lilikuwa linaisha katikati ya somo, na tangazo, sijui lina uchawi gani, linakuja safi hata mtandao ukiwa dhaifu, ila mwalimu akirudi anakwama na mkono hewani. Tulikuwa tunatazama ule mkono uliokwama, tunangoja. Siku nyingine tulingoja mpaka simu ikazimika.

Tulipanda Newala shule zilipofungwa. Nilitaka angalau kumfundisha kungwi wake. Kwa utaratibu wetu, mama mzazi haingii na mwali wala hamfundishi. Anamkabidhi kwa kungwi, naye huyo ndiye mama yake kwa muda ule. Nilimchagua rafiki yangu wa utoto, mwanamke mwenye moyo mzuri, anayekwenda bondeni kuteka maji huku anaimba. Akanipokea kwa furaha, akaniambia nimwonyeshe ishara zote. Nikamwonyesha. Alizishika upesi. Tulipomaliza akabaki ananitazama.

"Hizi ni za kusalimia, mwenzangu," akasema. "Akiumwa atafanyaje?"

Nikamwonyesha ile ya kuumwa niliyoitunga mwenyewe, ya kushika tumbo.

"Na kichwa?"

Nikashika kichwa.

"Na akiogopa? Maana kule wote wanaogopa siku za kwanza. Wengine tunawaambia kwa maneno, binti yangu usiogope, hili litapita. Huyu nitamwambiaje? Na yeye ataniambiaje?"

Nilisimama pale uani kwa kaka, kuku wanapita, na nikaona wazi, kwa mara ya kwanza, nilichokifanya. Nilikuwa nimempa mtoto wangu maneno yote ya kuwapendeza watu wazima na sikumpa hata moja la kujitetea.

Nikaichukua simu, nikaenda ukingoni mwa uwanda, kule nyumba zinapoishia na bonde la Ruvuma linaonekana lote chini, maana mtandao wa hapo unashika vizuri. Binti na rafiki yangu wakanifuata. Tukakaa kwenye majani. Nikatafuta somo la hisia. Nikasahau kwamba kabla ya safari nilikuwa nimekiwasha tena kile kizuizi cha mwisho cha fundi, kubahatisha tu, skrini ikawa nyeusi, maandishi yakaniambia nimezuiwa. Nikakitafuta, nikakizima, nikaanza upya. Tangazo la mikopo. Tangazo la simu mpya. Kisha mwalimu, na moyo wangu ukatulia kidogo. Furaha: tukaiga wote watatu. Huzuni: tukaiga. Binti alikuwa anang'aa, hilo ndilo somo alilokuwa analitaka siku zote. Kisha tangazo, la mama wa sabuni, ananusa shati lake bila haraka yoyote. Mwalimu aliporudi, maneno ya chini yalikuwa yameshaandika kuogopa, yeye ameinua mikono tayari, na akakwama.

Tuliinua simu juu. Tulisogea mbele, tukasogea nyuma. Rafiki yangu akaichukua akapanda kichuguu. Bando lilikuwa limeisha. Nikakimbilia dukani kutafuta vocha, nikaipata, nikarudi, na wingu lilikuwa limeshapanda kutoka bondeni, umeme umekatika mji mzima, na baada ya muda mnara nao ukanyamaza. Mvua ikanyesha. Kesho yake mnara haukurudi. Nilikwenda pale ukingoni asubuhi, nikaenda mchana, nikaenda jioni, watu wakaanza kuniuliza kama nimepoteza kitu.

Nilimfuata kaka nikamwomba amtoe mwanangu safari hii. Nilimpigia magoti. Akaniinua. Alisema mpunga umeshatwangwa, ndugu wameshafika mpaka wa kutoka Lukuledi na Chiwata, na mtoto mwenyewe hajavua ile kanga mpya tangu apewe. Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Kila nilipomwonyesha kwa mkono, wewe, mimi, nyumbani, alikuwa anatikisa kichwa na kunionyesha binamu zake. Alitaka kwenda. Hakujua anakokwenda.

Siku ya kuingia aliwaamkia wote. Alizunguka baraza nzima, goti chini, mkono vizuri, bibi kwa bibi, na kila aliyeamkiwa alijua, maana rafiki yangu alikuwa anatangulia akiwaeleza. Wanawake walifurahi. Wakasema mtoto ana adabu huyu, mama yake amemlea. Miaka yote niliyotamani kusikia maneno yale, na siku niliyoyasikia nilitamani kuzama ardhini.

Wakawafunika kanga, wakaanza kuwapeleka. Kwenye kona ya njia binti yangu akageuka. Alikuwa ameona kwamba mimi siendi, nadhani hilo alikuwa hajalielewa mpaka dakika ile. Akanitazama, uso umebadilika, akainua mkono kutoka ndani ya kanga. Alinifanyia shikamoo. Alikuwa ameshaniamkia tangu asubuhi. Akaifanya tena, haraka haraka, halafu akaanza asante, akaacha, akafanya naomba, akarudi kwenye shikamoo. Alikuwa anapekua kila alichonacho. Rafiki yangu akamshika bega. Mimi nikaitikia marahaba kwa mkono wangu, maana na mimi sikuwa na kitu kingine.

Utaniambia ningemkimbilia. Nilitaka. Mama mkubwa mmoja alikuwa amenishika mkono, na sikuondoka.

Majuma yale nilikaa kwa kaka, nikipepeta mchele wa watu na kutochana nywele, kama desturi inavyomtaka mama wa mwali. Rafiki yangu alikuwa anatoka mara mojamoja kuchukua chumvi au unga. Nilikuwa namvizia njiani.

"Anakula?"

"Anakula."

"Wanamwonea?"

"Hakuna anayemwonea, Mungu shahidi. Wenzake wanampenda. Ngoma anacheza, anaisikia kwa miguu." Akahamishia chumvi mkono wa pili. "Ila halali mbali na mlango. Na nikimgusa akiwa hajaniona, anashtuka mwili mzima. Nikamfanyia ile ya huzuni, akakataa kwa kichwa. Sijui anataka kusema nini."

Mnara ulipowaka nilirudi ukingoni. Niliangalia matangazo yote. Sikuruka hata lile ambalo kitufe cha kuruka kilikuwa kinatokea, kwa sababu nilikuwa nawaza wanawe yule mwalimu wanakula nini. Nikafika kwenye ile ya kuogopa. Ni ishara fupi sana, mikono miwili mbele ya kifua, inaisha kabla hujajua imeanza. Niliirudia mpaka mikono ikaijua. Nilimngoja rafiki yangu njiani nimpe aipeleke ndani, lakini siku zile walikuwa wamejifungia kwa mafundisho ya mwisho, hakutoka tena.

Walitoka siku ya Jumamosi, wamepakwa mafuta, nguo mpya, ngoma inapigwa mpaka ardhi inatikisika, na binti yangu yumo katikati ya wenzake, anacheza kwa wakati kuliko wengine wanaosikia. Alikuwa amenenepa kidogo. Watu wakanipongeza. Kaka akanitazama kama mtu anayesema unaona. Nikamwambia asante, maana hakukosea yote; wale mabinti walimshika mikono kila alikokwenda, na mpaka leo wanampigia simu ya picha.

Chakula kilipoanza kugawiwa nikamvuta nyuma ya jiko la kaka. Nikafanya ile ishara mbele ya kifua changu, kisha nikamnyooshea kidole yeye, nikauliza kwa uso. Akatazama mikono yangu kwa makini. Akaiiga, safi, mara ya kwanza tu, akaningoja nimwambie maana yake.

Nikajikunyata. Nikatoa macho, nikatetemesha mabega, nikamkumbatia kiunoni kama yeye anavyonikumbatia radi ikimulika, halafu nikaifanya tena. Kwanza alicheka, kwa kuwa mama yake mzima alikuwa anaigiza nyuma ya jiko. Kisha akaacha kucheka. Akajitoa kwangu, akageukia upande wa njia ile waliyotokea, akanyoosha kidole kule. Akafanya kuogopa. Akanitazama kuona kama nimeelewa, akanyoosha kidole tena, akaifanya tena, na tena, watu wakitupita na wali na nyama, na mimi nikawa naitikia kwa kichwa kila mara, mpaka mikono yake ikachoka.